Meza ya mkahawa au ofisi ya pamoja? Hesabu ya Nairobi

Mkahawa haukodishi kiti. Unauza kahawa na chakula, na faida yake hutokana na meza moja kukaliwa na wateja wengi kwa siku. Anayeagiza kikombe kimoja saa tatu asubuhi, akabaki na kompyuta yake hadi saa nane mchana, amewazibia nafasi wateja wa chakula cha mchana. Kwa hiyo mwenye mkahawa akiweka kikomo cha waifai, tusimlaumu. Analinda mtaji wake.

Nairobi imezifahamu biashara zote mbili, mkahawa na ofisi ya pamoja, kwa muda mrefu. Java House ilifungua mkahawa wake wa kwanza Adams Arcade mwaka 1999. Mwaka 2009 kebo za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata iHub ikafunguliwa Barabara ya Ngong, ikawa kituo cha vijana wa teknolojia. Leo ofisi za pamoja, zikiwemo Nairobi Garage na Regus, huuza meza pamoja na intaneti, vyumba vya mikutano na utulivu.

Biashara ya ofisi za pamoja nayo ina hatari yake. Mwenye ofisi hufunga mkataba mrefu wa pango, ilhali wateja wake hulipa kwa mwezi au kwa siku na huondoka wakitaka. WeWork, kampuni ya Marekani ya ofisi za pamoja iliyothaminiwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa 2019, iliomba kinga ya kufilisika Novemba 2023, na mzigo wa pango ulikuwa sababu kubwa. Kwa hiyo usilipe ada ya mwaka mzima kwa kuvutiwa na punguzo.

Kinachostahili kulipiwa hasa ni uhakika. Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Siku kama hiyo jenereta huamua kama kazi itamfikia mteja. Lakini Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, jenereta haikusaidia kitu. Kwa hiyo muulize mwenye ofisi kama ana mtoa huduma wa pili wa intaneti, na kama huyo wa pili anatumia kebo tofauti. Wawili wanaotegemea kebo moja watazimika pamoja.

Tena kuna siri za watu. Mhasibu anayefungua hesabu za mteja katikati ya mkahawa, au mshauri anayetaja majina kwenye simu huku meza ya jirani ikisikiliza, anahatarisha taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kwa maoni yangu, anayeandika au kuchora peke yake kwa saa mbili anatoshwa na mkahawa, mradi anunue chakula na aachie meza wakati wa mchana. Mwenye simu za wateja kila siku alipie ofisi, lakini aanze na siku moja, tena afike saa nane mchana ukumbi ukiwa umejaa, ndipo aipime kasi ya intaneti.