Mikono Ninayo, na Bado Namlipa Mtu Afue

Mwanamume akianika nguo za watoto kwenye kamba mbele ya nyumba, mtaa wetu wa Tabata humwonea huruma. Mwanamke akianika, hakuna anayegeuza shingo. Nimelijua hilo tangu gazeti nililokuwa nikilihariri lilipopunguza watu. Mimi nikabaki nyumbani na watoto wawili, mke wangu, ambaye ni muuguzi, akaendelea na zamu zake. Nalitaja kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu la swali linalogombanisha ndugu na majirani: mzazi anayeshinda nyumbani ana sababu gani ya kumlipa mtu mwingine afanye kazi za nyumbani?

Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili alikaa nyumbani muda mrefu kidogo kuliko likizo yake, akaomba tutafute mama wa kuja kufua. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kumwona mzazi, alishangaa. "Wifi, mtu alipwe afue na wewe upo?" Hoja ikafia hapo. Zamu ya kukaa nyumbani iliponifikia mimi, dada huyohuyo alipiga simu kutoka Iringa kabla sijaomba msaada wowote. "Mdogo wangu, nimekupatia binti. Kamaliza la saba, hana makuu. Mpe elfu arobaini, chakula atakula hapohapo. Utafua wewe kweli?"

Nyumba ni ileile, beseni ni lilelile, na watoto ni walewale. Kilichobadilika ni nani anayeinama.

Lakini kabla ya kufika kwenye beseni, tupite jikoni. Bibi yangu alikuna nazi kwa mbuzi, alitwanga mahindi kinuni, alichota maji na kuchanja kuni. Sijui mama wa nyumbani hapa Dar es Salaam anayefanya zote nne. Nazi inakunwa kwa mashine sokoni, unga unanunuliwa kwenye mfuko, na maji yakikatika anaitwa kijana wa mkokoteni wa madumu. Mchicha unauzwa ukiwa umeshakatwakatwa. Maharage yaliyochemshwa yanapimwa kwa kikombe jioni pale kwenye kona, na chapati za asubuhi tulikuwa tukizichukua kwa jirani. Zote hizo ni kazi za nyumbani ambazo tunawalipa watu wazifanye, na sijasikia mama yeyote akiitwa mvivu kwa kununua nazi iliyokunwa. Lawama huanza pale anayelipwa anapoingia ndani ya geti, kwa kuwa hapo ndipo anapoonekana.

Sasa hesabu. Mama anayetufulia huja Jumanne na Ijumaa. Tulianza kwa shilingi 10,000 kwa siku, sabuni yetu, chai na chakula cha mchana juu yetu. Ndiye aliyenifundisha biashara yenyewe inavyokwenda. "Baba, nguo ni nguo, blanketi ni blanketi," aliniambia siku aliyokuta mablanketi matatu yamerundikwa chini ya mashuka. Kila moja 3,000, nje ya mapatano. Nguo za ndani hatumpi, kila mtu hujifulia zake, na hiyo ni adabu ya kila nyumba ninayoijua. Akimaliza anaondoka, mara nyingi kabla ya saa tisa. Pesa namrushia kwenye simu na kuongeza ya kutolea. Nikisahau ya kutolea ananikumbusha bila kuzunguka. Kwa mwezi ilikuwa ikifika 80,000 hivi, mablanketi mbali.

Iweke hiyo kando ya ile bei ya dada yangu. Wakati ananipigia simu, amri ya mishahara iliyokuwa ikitumika Tanzania Bara ni ile ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Januari 2023. Ilitaka mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri alipwe si chini ya 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo 120,000. Anayefanya kazi kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa aliwekewa 250,000. Elfu arobaini ya dada yangu ilikuwa kima cha chini cha amri ya mwaka 2013. Nadhani aliisikia enzi hizo, ikamkaa. Lakini hata ukichukua ile 60,000, jambo la ajabu halikwepeki: asubuhi mbili kwa wiki za mama anayekuja na kuondoka zinagharimu zaidi ya mwezi mzima wa binti anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote.

Sababu si kwamba mmoja anafua vizuri kuliko mwingine. Mama wa kufua anauza kazi yenye mwanzo na mwisho. Ana nyumba nyingine za kwenda, na nikimletea ujeuri kesho simwoni. Binti wa kulala anauza uwepo wake, na uwepo haupimwi kwa beseni. Mtoto akilia saa nane usiku, yupo. Mgeni akija, yupo. Geti likigongwa, yeye ndiye anayenyanyuka.

Sheria haikumwacha nje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mfanyakazi wa ndani ni mwajiriwa kama wengine. Jaribu kuhesabu. Anayeanza saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa tatu usiku, hata ukimtolea saa mbili za kula na kupumzika, anafanya kazi saa 14 kwa siku. Akianza Jumatatu, ikifika Alhamisi saa mbili asubuhi saa zake 45 zimekwisha. Saa zinazofuata hadi Jumapili zinatakiwa kulipwa kama kazi ya ziada. Ni nyumba gani hapa mtaani inayolipa hivyo? Tena sheria hiyo inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumwondoa shuleni. Nilimuuliza dada yangu binti ana miaka mingapi. "Ni mkubwa tu," akasema. Nikamshukuru na kumwambia tutafanya mpango mwingine.

Narudi kwa mzazi mwenyewe, kwani kwangu mambo haya mawili yametoka shina moja. Anayesema mama wa nyumbani hafanyi kitu kutwa nzima ndiye huyohuyo anayeona elfu arobaini inatosha. Kama kuosha, kufua, kulisha na kufagia si kazi mkononi mwa mke, itaanzaje kuwa kazi mkononi mwa binti wa la saba? Ushahidi wa ukubwa wa kazi hiyo upo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba watu katika nchi 64 hutumia saa bilioni 16.4 kila siku kwa kazi za matunzo zisizolipwa, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake.

Mahakama zetu zilikwishalizungumza suala hili la thamani ya kazi za nyumbani, na inashangaza jinsi tunavyolisahau. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali ya wanandoa wanaoachana iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Je, kupika na kufua ni kazi kwa maana hiyo? Majaji walivutana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikaamua kwamba ndiyo, huduma za mke nyumbani ni mchango unaohesabika. Bi Hawa mwenyewe lakini hakupata kitu. Mahakama iliona mumewe alikwishampa fedha za biashara naye akazitapanya, na rufaa yake ikatupwa. Wanafunzi wa sheria wanalikariri jina lake hadi leo kwa kanuni iliyowanufaisha wengine.

Basi kama kufua ni kazi siku ndoa inapovunjika, ni kazi pia Jumanne asubuhi ndoa ikiwa nzima. Na kazi ina desturi zake: mtu huchoka, hugawana na wenzake, na palipo na uwezo huajiri msaidizi. Nilipokuwa chumba cha habari hakuna aliyeniuliza kwa nini sipigi deki ilhali mikono ninayo.

Kinyozi wetu ana hoja yake. "Shemeji anakesha wodini, halafu wewe unalipa mtu akufulie?" Kwake yeye fedha ni ya mke, na mimi ni wa kulishwa. Simlaumu, kinyozi husema kwa sauti yale ambayo wateja wanayawaza. Ila hesabu ile aliifanya mke wangu mwenyewe, kwa swali fupi: "Ukiwa umeinamia beseni kutwa, huyu mdogo anaangaliwa na nani?" Mdogo ana miaka miwili na anapenda maji ya ndoo kuliko kitu chochote hapa duniani. Nguo za watu wanne kwa mkono, na mashuka, na sare nyeupe za mke wangu zinazotaka kusuuzwa mara tatu, zinakula asubuhi yote. Mashine ya kufulia tuliifikiria. Inataka umeme usiokatika na maji yenye msukumo, na huku kwetu vyote viwili huja vinapojisikia.

Utetezi unaosikika mara nyingi ni kwamba muda uliookolewa utaingiza fedha. Kwangu kuna ukweli: Jumanne nyingine nasahihisha tasnifu za wanafunzi wa chuo, na malipo yake yanafidia sehemu ya ufuaji. Hata hivyo utetezi huo siupendi. Unamlazimisha mzazi alipie kila pumzi kwa risiti. Kuna Jumanne ambayo mtoto akilala na mimi nalala. Mzazi wa nyumbani naye hulala palepale anapofanyia kazi, hana jioni ya kurudi nyumbani, na zile saa 24 za sheria hakuna anayemhesabia.

Kipi ulipie na kipi ubaki nacho, hapo sina kanuni. Mimi nimebaki na kupika, kuogesha na madaftari ya mkubwa. Jirani mmoja, mama wa watoto wanne, amefanya kinyume: kupika kunamkera, kufua kunamtuliza, hivyo anamlipa binti wa jirani, mtu mzima mwenye familia yake, aje kupika mchana. Na zipo nyumba nyingi ambazo hiyo 80,000 ndiyo nauli ya shule au kodi. Humo mume arudiye jioni ashike beseni, basi. Kwetu mke wangu hupiga pasi akiwa hana zamu, na hilo halijawahi kumshangaza kinyozi.

Siku moja nilimuuliza mama anayetufulia nguo za kwake anafua lini. "Jumapili, baba. Binti yangu anasuuza," akajibu bila kunyanyua kichwa. Nikataka kuuliza binti ana miaka mingapi, nikaona si nafasi yangu.

Juzi ameomba aongezewe. Anatoka Gongo la Mboto, nauli imepanda, na nyumba nyingine wamekwishampandishia. Tulikaa mezani mimi na mke wangu, tukakubali 12,000 kwa siku, mablanketi yabaki 3,000. Ili bajeti ikae sawa tumeacha kununua chapati za asubuhi. Nasukuma mwenyewe, na mtoto mkubwa amesema waziwazi kwamba zile za jirani zilikuwa laini. Jirani naye ameniuliza getini kulikoni siku hizi, na bado sijapata la kumjibu.