Mtunzi wa Muziki wa Filamu: Ada Moja, Mrabaha wa Miaka

Mtunzi wa muziki wa filamu na televisheni nchini Marekani hutegemea mapato ya aina mbili, nayo ni ada ya utunzi, ambayo mtayarishaji huilipa mara moja, na mrabaha, yaani malipo yanayomfikia kila muziki wake unaporushwa hewani. Ada hiyo mara nyingi hutolewa kwa jumla, kiasi kwamba mtunzi huwalipa wapiga ala, studio na mafundi wa sauti kutoka katika fungu hilo hilo, na kinachobaki huwa kidogo mno kuliko tarakimu iliyoandikwa kwenye mkataba. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuupima uchumi wa kazi hii hana budi kuutazama mrabaha kwanza.

Kwa kawaida hakimiliki huwa mali ya studio, ambayo kisheria huhesabiwa kuwa ndiyo iliyouagiza na kuumiliki muziki tangu ulipotungwa, lakini desturi humwachia mtunzi nusu ya mrabaha wa maonyesho ya hadhara, unaokusanywa na vyama kama ASCAP, kilichoanzishwa mwaka 1914, na BMI, cha mwaka 1939. Vyama hivyo hugawa fedha kwa kufuata orodha ya vipande, ambayo ni hati inayotaja kila kipande cha muziki, urefu wake na aliyekitunga. Na wasaidizi wengi wanaoanzia kazi katika studio za watunzi wakubwa, wakitunga vipande visivyobeba majina yao, hukosa mrabaha kwa sababu ya mistari michache tu ya hati hiyo.

Mfumo wenyewe una kioja chake. Tangu hukumu ya mwaka 1948 katika kesi ya Alden-Rochelle dhidi ya ASCAP, majumba ya sinema ya Marekani hayalipi mrabaha huo, ilhali ya Ulaya hulipa, hivyo filamu ya Hollywood humwingizia mtunzi wake fedha ikionyeshwa Paris, wala si ikionyeshwa Los Angeles.

Tishio kubwa zaidi la leo ni mkataba wa kununua haki zote kwa mkupuo, ambao umeenea pamoja na huduma za kutazama filamu kwa intaneti. Mwishoni mwa mwaka 2019 kampuni ya televisheni ya Discovery iliwataka watunzi waache mrabaha wao wa Marekani, ikarudi nyuma baada ya watunzi kupinga hadharani; hata hivyo, ni vigumu kwa mtunzi chipukizi asiye na wakala wala jina kuikataa mikataba ya namna hiyo.

Katika michezo ya video hali ni ngumu zaidi, kwani mtu anayecheza nyumbani kwake hafanyi onyesho la hadhara, na kwa hiyo ada ya mwanzo huwa karibu ndiyo malipo yote. Wimbo “Baba Yetu”, ambao Christopher Tin aliutunga kwa maneno ya Kiswahili ya Sala ya Bwana kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, ulipata Grammy mwaka 2011, ukiwa wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kupewa tuzo hiyo. Lakini uliifikia baada ya kurekodiwa upya katika albamu Calling All Dawns ya mwaka 2009, na tangu hapo umeimbwa na kwaya nyingi katika kumbi za tamasha, ambako kila onyesho lina mrabaha wake.