Ayaonayo Mwanafunzi Ugenini Siku za Mwanzo (Sehemu ya Kwanza)

Mgeni huona katika mwezi wake wa kwanza mambo ambayo mwenyeji hayaoni umri wake wote, na ambayo mgeni mwenyewe, akishazoea, hatayaona tena. Kwa sababu hiyo nahesabu kuwa ni hasara kubwa kwamba vijana wetu wanaotoka Gehandu na vijiji vingine vya Mbulu na Hanang kwenda kutafuta elimu katika nchi za mbali hurudi na shahada zao na masanduku yao, wakasimulia mawili matatu usiku wa kwanza mbele ya jamaa, kisha wakanyamaza, pasiwe na hata ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaomfaa kijana wa pili atakapofunga safari kama ile.

Zamani haikuwa hivi. Amur bin Nasur wa Unguja, aliyekwenda Berlin mwaka 1891 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, aliandika habari za maisha yake, zikapigwa chapa huko huko mwaka 1894. Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mdachi hata Urusi na Siberia mwaka 1896, na safari ile akaiandika kwa Kiswahili. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilitoka mwaka 1903, alifundisha katika seminari ile ile, akaishi Ujerumani hata akafia Berlin mwaka 1927. Hawa hawakwenda kama wanafunzi wa chuo, lakini walikuwa na adabu ya msafiri wa kale, nayo ni kutazama, kuuliza, kisha kushika kalamu. Tangu hapo wamekwenda wengi waliosoma kuliko wao. Mwalimu Nyerere alikuwa Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Chuo kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, kikaitwa kwa jina la Patrice Lumumba, kiliwapokea vijana wa Afrika Mashariki. Na mwenzetu wa Hanang, Frederick Sumaye, alipokwisha kutua mzigo wa Uwaziri Mkuu aliouchukua tangu 1995 hata 2005, alikwenda kuketi tena darasani katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mimi nami nilijaaliwa kusoma Edinburgh katika miaka ya 1980. Kila aliyeniaga alinionya juu ya baridi, na baridi ilikuwako. Lakini mtu aliyezaliwa katika nchi yetu ya juu, ambako asubuhi za Juni na Julai mchungaji huswaga ng'ombe ukunguni hali amejitanda blanketi, hawi mgeni kabisa wa baridi. Lililonishitua, na ambalo hapana aliyenionya, ni nuru. Sisi tunakaa karibu na mstari wa Ikweta, na jua letu halina hila: huchomoza karibu na saa 12 na kutua karibu na saa 12 mwaka mzima, na hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya uaminifu huo. Edinburgh iko karibu digrii 56 kaskazini ya Ikweta, na mwezi wa Desemba jua huchelewa hata saa 2 na dakika 40 za asubuhi, na kabla ya saa 10 alasiri limekwisha kuzama, mchana wote haupati ila saa 7. Niliingia darasani gizani nikatoka gizani. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, jua likatua kwenye saa 4 za usiku, na watoto wakacheza nje wakati ambapo kwetu mji umelala. Mwili hulijua jambo hili kabla ya akili, na wanafunzi wengi wa kwetu huona uzito wa moyo mwezi wa Novemba wasijue asili yake. Wajue tangu sasa kwamba si udhaifu wa tabia, ni kukosa jua.

Chumbani mwangu palikuwa na jiko la gesi la kuotea, na ubavuni mwake mita yenye tundu, isiyotoa joto ila kwa kutiwa sarafu ya pensi 50, ile yenye pembe saba. Thamani ya sarafu ikikaribia kwisha, moto hushuka, hubakia ulimi mdogo wa buluu, kisha huzimika wenyewe, nawe huna wa kumwomba. Kwetu asiye na moto hutuma mtoto kwa jirani akalete kaa, na pamoja na kaa huja habari za nyumba ile: nani mgonjwa, ng'ombe yupi kazaa. Kule kila mtu alikuwa na moto wake nyuma ya mlango wake, na nadhani upweke wanaoulalamikia wanafunzi wetu chanzo chake ni hapo zaidi kuliko katika chuki ya wenyeji. Mama mwenye nyumba kila asubuhi alinitajia mvua na upepo, nami nilistaajabu kwa nini mtu aniarifu jambo ninaloliona dirishani. Hata nilipofahamu kuwa hizo ndizo salamu zao, nikaanza kuzijibu kwa ukamilifu, na tangu siku hiyo tukawa watu wanaojuana.

Lakini jambo zito kuliko yote lilikuwa darasani. Tuliketi watu saba au wanane kuizunguka meza moja pamoja na mwalimu, na kijana wa miaka kumi na minane, miguu ameinyoosha, akamwambia mwalimu kuwa hoja yake ina kasoro. Mimi niliyelelewa kusimama mwalimu aingiapo nilingoja ghadhabu. Mwalimu alitabasamu, akaandika neno lile katika daftari lake. Insha yangu ya kwanza, niliyoijaza maneno ya wanazuoni kwa uangalifu mkubwa, ilirudi na mstari mmoja chini: nimesoma wasemayo hawa, nawe wasemaje? Nimelitafakari swali hilo miaka mingi, wala siafiki wasemao kuwa tabia hiyo ni ya Wazungu na haitufai, maana wazee wetu wa Kiiraqw wakikutana barazani hubishana mchana kutwa bila kuvunjiana heshima. Ubishi wa hoja tulikuwa nao nyumbani, tukaukataza shuleni.

Katika maktaba ya huko nilikuta kitabu cha George Klima juu ya Wabarbaig na ng'ombe wao, kilichotolewa mwaka 1970, na kingine cha Robert Thornton, cha mwaka 1980, kinachoeleza jinsi Wairaqw wanavyofahamu mahali na wakati. Nilisoma habari za milima niijuayo na desturi nilizokulia, zimeandikwa na watu waliofika kwetu wakiwa wageni, wakakaa, wakauliza, wakaandika. Siwalaumu, bali nawashukuru. Lakini insafu yataka na sisi tuliokwenda kwao tuandike tulivyowaona.

Basi nakuomba wewe kijana uliyepata nafasi ya kwenda, ununue daftari kabla ya kununua koti, na katika miezi mitatu ya kwanza uandike kila jioni yale yaliyokushangaza, hata yaliyo madogo, kwa Kiswahili safi watakachokielewa wazazi wako. Na ukirudi, nakala moja uiache katika shule uliyosomea. Sehemu ya pili, Mungu akijaalia, itaeleza habari za chakula, fedha na barua za nyumbani.