Kazi ya bunduki kisha jeshi: uliza mbele ya kutia mukono

Katika jamaa yako labda kuna yaya, mujomba ao baba aliyekuwa soda. Ameacha jeshi. Pansheni haitoshi, ao haiko. Watoto wanafukuzwa masomo juu ya minerval. Siku moja rafiki wa zamani anagonga mulango jioni, anasema pole pole: "Kuko kazi. Ni kulinda tu mashimo ya madini. Wanalipa dola. Lakini tunaondoka juma hii."

Wewe ungejibu nini? Na wewe mama, ungemwambia bwana wako nini? Mbele ya kujibu, sikiliza kwanza habari ya muji mumoja mudogo unaoitwa Pomfret.

MUJI WA AMIANTI

Pomfret iko Afrika ya Kusini, karibu na jangwa la Kalahari. Zamani ilikuwa muji wa madini kama miji yetu. Walichimba amianti, lile jiwe la nyuzi ambalo vumbi yake inaharibu mapafu. Kazi ile ilipokwisha, mwaka 1989 jeshi lilileta pale askari wa batayo ya 32, pamoja na wake na watoto wao. Wengi walikuwa Waangola waliokimbia vita ya 1975. Walipigana miaka mingi chini ya wakubwa wazungu wa Afrika ya Kusini, upande mumoja na UNITA ya Jonas Savimbi.

Machi 1993 batayo ilivunjwa. Watu wale walibaki na nini? Kurudi Angola ilikuwa nguvu, maana huko walihesabiwa kuwa adui. Na kazi waliyojua ilikuwa moja tu.

Kulikuwa sosiete moja, Executive Outcomes, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Eeben Barlow, ofisa wa zamani wa batayo ile ile. Mwaka 1993 serikali ya Angola iliikodi. Angalia ajabu: watu waliopigana pamoja na UNITA, sasa walilipwa kupigana na UNITA! Mwaka 1995 sosiete ilikwenda Sierra Leone kufukuza waasi wa RUF, hata katika mashimo ya almasi ya Kono. Tuseme ukweli: raia wengi huko waliwashukuru, maana waasi waliwatesa sana. Lakini sosiete iliondoka mwanzo wa 1997, na mwezi wa Mei serikali iliangushwa. Amani ya kukodi inakwisha pamoja na kontra.

Mwaka 1998 Afrika ya Kusini ilitunga sheria ya kukataza raia wake kuuza kazi ya vita kwa inchi zingine bila ruhusa. Executive Outcomes ikafunga mulango. Askari wa Pomfret wakabaki tena bila kazi.

NDEKE YA HARARE

Tarehe 7 Machi 2004, ndeke moja ilishuka Harare, Zimbabwe, kuchukua silaha. Wakubwa wa Zimbabwe waliikamata. Watu karibu 70 waliingizwa buloko, na wengi wao walikuwa askari wa zamani wa batayo ya 32. Waliulizwa: munaenda wapi? Jibu lao linatugusa sisi: walisema wanaenda kulinda mashimo ya madini huku kwetu Congo.

Kumbe mupango ulikuwa kuangusha serikali ya Guinea ya Equateur, inchi ya petroli. Kiongozi wao, Mwingereza Simon Mann, ofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza, alikubali hayo nyuma. Askari wengi walifungwa mwaka mumoja, wakarudi kwao Mei 2005. Kwa muda ule wote wake wao walikaa Pomfret bila bwana ndani ya nyumba. Mann mwenyewe alihukumiwa Malabo miaka 34 mwaka 2008, akasamehewa mwaka 2009. Na Mark Thatcher, mwana wa Waziri Mukubwa wa zamani wa Uingereza, alikubali mbele ya tribinali ya Cape Town kwamba alisaidia kwa feza. Alilipa faini ya rand milioni 3, hakulala buloko.

Umeona? Mwenye feza alilipa faini. Mwenye bunduki alilipa kwa siku za maisha yake.

NA KWETU?

Wazee wetu wanajua mambo haya. Waliona wazungu wa kukodiwa katika Katanga kuanzia mwaka 1960, na wale wa Jean Schramme walioshika Bukavu mwaka 1967, kisha wakavuka kwenda Rwanda. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoanguka, Waromania zaidi ya 280 walivuka njia ile ile ya Rwanda kurudi kwao. Wandishi wa habari waliona kontra zingine za dola 5.000 kwa mwezi, wakati ule soda wetu alipata karibu dola 100. Feza ile haikuokoa muji. Na wenzao wawili walikuwa wamekwisha kuuawa karibu na Sake, Februari 2024.

ULIZA MANENO HAYA

Kulinda mulango wa sosiete si zambi. Ni kazi kama kazi ingine, na jamaa nyingi zinakula kwa kazi ile. Lakini kama mutu anakuitia kazi ya bunduki, kaa chini na bibi yako, muulize pamoja:

– Ni nani anayelipa, na bureau yake iko wapi?
– Fasi ya kazi inaitwa namna gani? Kama hawataki kuitaja, usipande ndeke.
– Kontra iko kwa luga unayosoma? Utabaki na kopi nyumbani?
– Nikiumia ao nikikufa, mujane wangu atalipwa na nani?
– Pasporti itakaa mukononi mwa nani?
– Sheria ya inchi ile inaruhusu?

Swali la mwisho si dogo. Kwa mapatano ya Geneva ya mwaka 1977, mutu wa kukodiwa kwa vita akikamatwa, hana haki ya kutendewa kama mufungwa wa vita. Luanda, mwaka 1976, wanne kati ya 13 waliohukumiwa walipigwa risasi.

Na wewe kijana unayetamani uniforme: jifunze ufundi mwingine pia, kusudere, umeme, ukanika. Watu wa Pomfret hawakuwa wabaya kuliko wengine. Walikuwa na ufundi mumoja tu, na kila aliyekuja kuununua alijua vile.

Mama, rafiki yule akirudi kugonga, umukaribishe, umupe kiti. Kisha umuulize: fasi inaitwa namna gani?