Sinema ya Burkina Faso na Lugha ya Wahakiki Wake

Sinema ya taifa huhitaji mambo matatu: filamu zenyewe, kumbi za kuzionyeshea, na maandishi yanayozichambua na kuzihifadhia kumbukumbu. Burkina Faso, nchi isiyo na mali nyingi, ilifaulu katika mawili ya kwanza. La tatu lilikuwa na upungufu wake.

Hadi mwisho wa miaka ya 1960, usambazaji wa filamu katika nchi za Afrika Magharibi zilizotawaliwa na Ufaransa ulishikwa na makampuni mawili ya Kifaransa, COMACICO na SECMA. Mwaka 1970 serikali ya Volta ya Juu, kama nchi hiyo ilivyoitwa hadi 1984, ilitaifisha kumbi za sinema, na sehemu ya mapato ya tiketi ikatengwa kusaidia utengenezaji wa filamu nchini. Tamasha la Ouagadougou, FESPACO, lilikuwa limekwisha kuanza mwaka 1969. Matunda yalionekana: Gaston Kaboré alitoa Wend Kuuni mwaka 1982, na mwaka 1990 Idrissa Ouédraogo alipata tuzo huko Cannes kwa filamu Tilaï. Katika filamu hizo mbili watu husema Kimoore, lugha ya Wamosi.

Maandishi yalifuata njia nyingine. Jarida Écrans d'Afrique, lililotolewa tangu 1992 hadi 1998 na FEPACI, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, pamoja na shirika la COE la Milano, liliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Faida yake ni dhahiri: msomaji wa Dakar na yule wa Nairobi waliweza kupata habari zile zile. Lakini Mmosi asiyejua lugha hizo, aliyeelewa kila neno la mwigizaji, hakuweza kusoma hata sentensi moja ya mhakiki.

Jambo hilo lawahusu pia wasemaji wa Kiswahili katika Kongo. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alishinda tuzo kuu ya FESPACO mwaka 1999 kwa filamu Pièces d'identités. Kuijadili filamu kama hiyo kwa Kiswahili si jambo lisilowezekana. Uhakiki wa riwaya na tamthilia umekwisha kuzoeza maneno kama msuko, mhusika, mandhari na usimulizi. Machache tu, yahusuyo picha na sauti, yangali yakihitaji kukubaliwa. Kwa hiyo upungufu si wa msamiati hasa, bali wa mazoea ya kuandika. Mazoea hayo yasipojengwa, filamu itatazamwa na wengi, na hukumu juu yake itabaki mikononi mwa wachache.