Anayepigwa anafundwa, anayepiga anafundwa na nani?

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini tunalisemea chini chini kama vile tunasengenya. Nalo si jingine bali ni hiki kipigo cha ndani ya nyumba.

Binti wa mjini akikaribia kuolewa hafundwi mara moja. Kwanza anapelekwa kwa somo yake. Kisha anachangiwa kicheni pati, sare zinashonwa, ukumbi unakodishwa, na makungwi wanapokezana maiki hadi usiku wa manane wakimweleza namna ya kuishi na mume. Ataambiwa apike nini na ampokee vipi. Ataambiwa mume akikasirika yeye anyamaze, siri ya chumbani haitoki sebuleni, na kubwa kuliko yote, avumilie.

Sasa nauliza, na naomba usicheke. Bwana harusi yeye anafundwa wapi? Anachangiwa suti, anapelekwa saluni, washikaji wanamnywesha bia, imetoka hiyo! Ni nadra kumkuta mzee atakayemvuta pembeni na kumwambia, "Mwanangu, ukipandwa na hasira mikono yako iweke mfukoni."

Matokeo yake ndiyo haya tunayoyaona. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 40 walikuwa wameshawahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15, na kwa walioolewa mpigaji mkubwa alikuwa ni mume, wa sasa au wa zamani. Lakini kilichonishangaza mimi ni kingine. Walipoulizwa kama kuna sababu yoyote inayomhalalishia mume kumpiga mkewe, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga, wanawake 58 kwa 100 walisema ndiyo ipo. Wanaume waliosema hivyo walikuwa 40 kwa 100. Yaani fimbo inatetewa zaidi na anayechapwa kuliko anayeichapia! Akina mama, hapo maiki za kicheni pati zimefanya kazi yake barabara.

SHERIA IPO TANGU ZAMANI

Wengi wanadhani haya mambo ya kusema mke hapigwi yameletwa juzi na wazungu. La hasha! Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya mwaka 1971, na kifungu chake cha 66 kinasema wazi kwamba hata kama mila inasema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Sheria inasema mwenzi, kwa hiyo na wale akina kaka wanaotwangwa na wake zao wakaficha ngeu kwa kofia, nao wamo. Hao ni wachache, lakini aibu inawafunga midomo kweli kweli.

Zaidi ya hapo, kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa la jinai kama kosa jingine lolote. Kwa Kanuni ya Adhabu, shambulio la kudhuru mwili linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa kama umemtolea mahari."

Tatizo haliko kwenye maandishi, liko njiani. Dada mmoja ninayemfahamu, tulipanga nyumba moja, alitoka kwake alfajiri jicho limevimba akaenda kwa mjumbe.

"Shikamoo mzee. Mume wangu kanipiga."

"Marahaba mwanangu. Ulimfanyaje?"

Basi, kesi ikaishia hapo. Swali la kwanza lilikuwa lake yeye, na mpaka anamaliza kulijibu alikuwa ameshakuwa mshitakiwa. Akarudishwa nyumbani na ushauri, mume akaambiwa apunguze hasira, wakapeana mikono.

Hivyo ni vizuri tukajua njia yenyewe. Ukijeruhiwa nenda polisi upewe PF3, ile fomu ambayo daktari anajaza kuonyesha umeumia wapi na kiasi gani. Haiuzwi hiyo, ni bure. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, uliza hilo badala ya kusimulia mambo yako kaunta mbele ya kila mtu. Ukitaka ndoa ivunjwe, kwa kawaida unaanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na likishindwa kuwapatanisha linakupa hati ya kwenda nayo mahakamani. Ukatili, uwe wa mwili au wa moyo, ni moja ya mambo ambayo mahakama inayatazama kuona kama ndoa imevunjika.

Na wale wanaotishwa kwamba "ukitoka hapa unatoka na kanga yako tu", wajue kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea si bure bure.

Majirani zetu wamepiga hatua zaidi. Uganda ilitunga sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015. Ile ya Kenya inamwezesha anayeteswa kuomba amri ya mahakama ya kumkataza mtesaji asimsogelee. Tena imehesabu hata kunyimana pesa, kufuatwafuatwa, na, wifi zangu mnisamehe, mawifi na wakwe kuingilia ndoa! Sisi Bara bado hatuna sheria moja ya namna hiyo, tunaokota kifungu hapa na kifungu pale.

KABLA YA KOFI LA KWANZA

Ngumi haiji ghafla kama mvua ya Machi. Inatanguliwa na mambo ambayo sisi akina dada, kwa ujinga wa mapenzi, tunayaita mahaba.

Anataka namba ya siri ya simu yako, na yake hakupi. Anakupigia mara 15 kwa siku, na ukichelewa kupokea kuna kimbembe. Hampendi shoga yako huyu, mara yule naye hamtaki, baada ya miezi sita huna shoga. Anakuachisha kazi, eti mke wake hawezi kuhangaika, halafu hela ya sabuni unaiomba kama mtoto. Kwenu unakwenda kwa kibali. Ukimsikiliza, wanawake wote aliowahi kuwa nao walikuwa vichaa, yeye tu ndiye mzima. Mwangalie na jinsi anavyomsemesha dada wa kazi, konda wa daladala au mhudumu wa baa. Huo mdomo utahamia kwako harusi ikishapita.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, aliandika kuhusu mzunguko aliouona kwa wanawake wengi waliopigwa. Kwanza joto linapanda ndani ya nyumba, mke anatembea kwa kunyata. Kisha linapasuka. Halafu inakuja asali: machozi, magoti chini, doti ya kanga, kuku wa kuchoma. Hii asali ndiyo inayotuua, maana mwanamke anaanza kuamini kwamba huyu wa magoti chini ndiye mume wake wa kweli na yule wa ngumi ni shetani alipita. Si kila nyumba ina asali, wengine hawaombi radhi hata siku moja. Lakini ukishaona imejirudia mara ya pili, mara ya tatu utaisubiri tu.

Uingereza walilitambua hilo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, kumtawala mwenzi wako kwa vitisho, kumtenga na watu wake na kumpangia kila pumzi ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka mitano, hata kama hujamgusa kwa kidole.

Dalili moja usiifanyie mzaha kabisa, nayo ni kukabwa koo. Watafiti wa Marekani waliona kwamba mwanamke ambaye mwenzi wake alishawahi kumkaba, hatari ya kuja kuuawa naye inaongezeka mara kadhaa. Hata kama hakuacha alama shingoni. Kofi ni kofi, lakini anayeshika koo anakuonyesha kwamba pumzi zako ziko mkononi mwake.

DARASA LA WAPIGAJI

Sasa turudi kwa bwana harusi asiyefundwa. Tuseme amepiga, amekamatwa. Hapa kwetu kuna njia mbili. Ama anafungwa, na mke huyo huyo anakwenda kulia kwa mkuu wa kituo kwamba watoto watakula nini. Ama wanasuluhishwa, anarudi nyumbani na hasira mpya ya kushitakiwa. Kote huko hakuna aliyemfundisha kitu.

Mwaka 1981 mji mmoja wa bandari huko Marekani, Duluth katika jimbo la Minnesota, ulianza utaratibu mwingine. Polisi, mahakama na watetezi wa wanawake walikaa pamoja wakakubaliana, na mwanaume aliyepiga akawa anaamriwa na hakimu kwenda darasani. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Ellen Pence, aliyefariki mwaka 2012. Waliwasikiliza wanawake waliopigwa, na mwaka 1984 wakachora gurudumu lililokuja kuwa maarufu: katikati wameandika mamlaka na udhibiti, na kuzunguka pembeni mbinu zake, kama vitisho, kunyima pesa, kutenga na kutumia watoto.

Wanaume wanakaa kundi moja na kuchambua vitendo vyao kimoja kimoja. Ulitaka nini ulipompiga? Ulikipata? Yeye alipata nini? Ile hoja ya "nilipandwa na hasira" haifiki mbali. Kwani bosi wake anapomtukana kazini, mbona hamzabi vibao? Anaweza kujizuia saa nane, akifika kwake tu breki zinakatika? Huyo breki anazo, anachagua pa kuzikanyaga. California wao mtu anayepewa kifungo cha nje kwa kosa hili anahudhuria wiki 52, kila kikao saa mbili. Asipotokea, anarudishwa kwa hakimu.

Je, yanasaidia? Nisiwadanganye. Tafiti nyingi zinaonyesha manufaa si makubwa, na wengi huacha njiani. Mimi naona darasa lisilokuwa na polisi na hakimu nyuma yake litageuka kijiwe tu cha kulalamikia wake.

Cha karibu na sisi zaidi ni cha Kampala. Shirika la Raising Voices lilibuni mpango unaoitwa SASA!, ndiyo, Kiswahili chetu hiki hiki. Wao hawakungoja mtu akamatwe. Walitumia wakazi wa mitaa yenyewe kuzungumza na wenzao sokoni, vilabuni na majumbani kuhusu nani ana nguvu ndani ya nyumba na anazitumiaje. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: mitaa iliyopata mpango huo, kipigo cha mwenzi kwa mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa karibu nusu ukilinganisha na mitaa ambayo haikuupata.

Sasa kama vilabu vya Kampala vimeweza, zile kamati zetu za harusi zinazokusanya mamilioni zinashindwaje kumtafutia bwana harusi mzee mmoja wa kumfunda?

Na wewe dada unayesoma huku umeficha gazeti chini ya godoro, usimtangazie kwamba unaondoka. Wengi huumizwa vibaya siku ile ile wanayoaga au muda mfupi baadaye. Cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, nakala ya PF3 na nauli viwekwe kwa mtu unayemwamini, si kabatini kwako. Msaada wa sheria bila malipo upo, waulize TAWLA au WLAC. Na nenda mchana, akiwa kazini.