Lokua Kanza: Muziki Pasipo Sebene

Wengi wanasema wimbo bila sebene haujaisha. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu (1958), alijibu kwa albamu yake ya kwanza ya 1993, yenye jina lake mwenyewe. Hapo gitaa inakwenda polepole na sauti ni laini kama ya mtu anayeota. Mna na harufu ya soul, ule muziki Wamarekani weusi waliotoa katika nyimbo za kanisa. Na zile sauti za kwaya? Mara nyingi ni yeye tu: anaimba moja, inanaswa, kisha anaimba ingine juu yake. Waimbaji wetu wanajua hiyo si mchezo! Yeye pia, akiwa mtoto, aliimba katika kwaya ya kanisa kule Kinshasa.